Operesheni si Jina la Kila Kazi

Lipo neno moja la kuazima ambalo limebebeshwa kazi nyingi kuliko karani yeyote wa wilaya. Neno hilo ni operesheni. Usafi wa soko ni operesheni, kusaka watoro wa shule ni operesheni, kukusanya ushuru ni operesheni. Imefika mahali ambapo kazi isiyoitwa hivyo huonekana kana kwamba haijaanza.

Asili ya neno hilo haina kishindo. Katika Kilatini, opus ni kazi. Kutokana na shina hilo lilitoka neno lililopitia Kifaransa hadi likaingia katika Kiingereza, likiwa na maana ya kutenda kazi tu. Baadaye madaktari wakalitwaa kwa upasuaji, na majeshi yakalitwaa kwa mapambano yaliyopangwa. Waswahili walipolipokea walilitendea kama walivyolitendea neno stesheni: wakalimalizia kwa irabu, wakauweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wapo wasemao oparesheni, na wodini husikika opresheni. Mwalimu anayewacheka wanafunzi kwa kutolitamka kama Mwingereza anaendeleza kasumba, maana neno lililokwisha kuhamia hufuata sheria za mwenyeji.

Kosa basi halimo katika matamshi, limo katika matumizi. Katika upasuaji, mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa; katika vita, adui hapewi taarifa. Maana zote mbili zina jambo moja: wakati kazi ikitendeka, anayetendewa hana la kusema. Mtumishi wa umma anapolipeleka neno hilo kijijini, humfanya mwananchi kuwa ama mgonjwa aliyelala ama adui. Mwananchi si mmoja wa hao.

Huko Mtunda, katika Wilaya ya Kibiti ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Rufiji, somo hili halihitaji kitabu. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 ilifuata Operesheni Rufiji, na wakulima wa bonde wakahamishiwa katika vijiji vya miinukoni. Nia ilikuwa njema: kuwaepusha wananchi na maji na kuwafikishia shule na zahanati. Lakini maji hayo hayo ndiyo yaliyorutubisha mashamba ya mlau, yanayolimwa mafuriko yanapopungua. Na mkulima alikaa dunguni ili alinde mazao yake dhidi ya ndege na nguruwe. Nyumba ilihamishika, shamba halikuhamishika. Jambo hilo angelieleza mkulima yeyote kama angeulizwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Ni katika mwaka huo huo wa 1968 Mwalimu Nyerere alipofafanua, katika andiko lake la Uhuru na Maendeleo, kwamba watu hawaendelezwi na mwingine, bali hujiendeleza wenyewe. Waliosahau fundisho hilo walikumbushwa tena mwaka 2013, pale Operesheni Tokomeza, iliyokusudiwa kuwakomesha majangili, iliposimamishwa kwa malalamiko ya wananchi kuteswa, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao.

Watakuwapo wa kusema kwamba neno ni neno tu, la muhimu ni utekelezaji. Hoja hiyo haina mashiko. Mafuriko yalipozipiga tena Rufiji na Kibiti mwaka 2024, suala la kuhama bondeni lilirudi, na halitakwisha kwa masika moja. Ofisa atakayesimama mbele ya mkutano wa kijiji na kutamka neno uhamisho ataulizwa papo hapo: wapi, lini, na shamba litabaki la nani? Atakayetamka operesheni atajibiwa kwa kimya, kisha atarudi ofisini na kuandika kuwa wananchi wameafiki. Kimya hicho ndicho kitakachodai gharama yake baada ya miaka.

Hivyo, upasuaji na uitwe upasuaji, msako uitwe msako, uhamisho uitwe uhamisho. Walimu hawana budi kuwafundisha watoto tofauti hizo, na watumishi wa umma hawana budi kuzitumia katika barua na mikutano yao. Operesheni ibaki kwa wanajeshi vitani. Kijijini kuna kazi, na kazi ya kijiji huanza kwa kumwuliza mwenye kijiji.