Askari, Mpeleke Mwanao Ngomani

Kituo changu cha kazi ni Muyinga. Mke na mtoto wanakaa Gitega. Likizo iliyopita mwanangu, mwenye umri wa miaka miwili, aliponiona alijificha nyuma ya mama yake. Nikaazimia kumpeleka Gishora, kilomita chache kutoka mjini, apate somo lake la kwanza la ngoma.

Huko hakuna ubao wala daftari. Ngoma zilizochongwa katika gogo la mti hupangwa nusu duara. Moja hukaa katikati na kuongoza, nyingine huifuata. Mtoto hujifunza kwa kutazama na kuiga. Ndivyo sanaa hiyo ilivyorithiwa kizazi hata kizazi, hadi UNESCO ikaiorodhesha katika urithi wa binadamu mwaka 2014.

Ngurumo ya kwanza ilimliza. Nikamwamuru anyamaze, kwa sauti ya gwaride; akazidi kulia. Mpigaji mmoja mzee akaniashiria niketi chini. Nikaketi, nikawa napiga goti langu polepole kwa kufuata mdundo. Punde mkono mdogo ukatua juu ya wangu, nao ukaanza kupiga.

Ndugu askari na polisi, sisi tumezoea kuamrisha na kuamrishwa. Lakini mapenzi ya mtoto hayaji kwa amri. Huja kwa kuketi naye na kujifunza pamoja naye. Basi likizo zetu zisiishie vilabuni. Tunaolinda mipaka ya nchi tusikubali kuwa wageni katika nyumba zetu wenyewe.