Majini wa Kijuju wanaongea Kiswahili, na sisi kazi yetu ni kuwapiga risasi tu

Nimepotea kidogo, si mnajua tena, test zimefuatana na bumu limekata, kwa hiyo starehe iliyobaki ni kutoka hapa Chang'ombe kwenda Kariakoo kumsalimia mama mdogo na kula vya bure. Jumamosi nikamchukua mwanawe, dogo wa miaka 11, tukaenda kwenye kibanda kimoja cha gemu karibu na Mtaa wa Swahili. Jero kwa nusu saa. Wenzetu wote walikuwa wanacheza mpira, kelele hadi nje. Sisi tukapewa PS4 ya kona, na ndani yake kulikuwa na Resident Evil 5.

Najua mtasema gemu yenyewe ya zamani. Kweli, Capcom wa Japani waliitoa Machi 2009, ikarudi kwenye PS4 mwaka 2016. Najua pia kwamba Ulaya jalada lake lina namba 18. Kibandani jalada hakuna, lakini macho ninayo, kwa hiyo kosa la kumkalisha dogo pale ni langu.

Kwa wasioijua: unakuwa Chris Redfield, askari Mmarekani, pamoja na Sheva Alomar, mzaliwa wa Afrika. Wanaingia Kijuju, sehemu ya kubuni ya Afrika ambayo wakazi wake wamepandikizwa vimelea wakageuka maadui. Maadui hao wanaitwa Majini. Na wanaongea Kiswahili! Dogo alisikia dakika za mwanzo tu, akaacha pedi mapajani, akanigeukia: "Kaka, kumbe majini wanaongea kama sisi?"

Nilikosa jibu. Hii hapa ndiyo jibu langu, limechelewa siku nne.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hii gemu imepangwa na watu wanaojua kazi. Huwezi kutembea huku unalenga. Ukitaka kupiga, unasimama; ukisimama, wanakufikia. Wengi wanaiita kasoro, mimi naona ndiyo roho ya gemu yenyewe, kwa sababu kila risasi inakuwa uamuzi. Halafu begi lako lina nafasi 9 tu, na ukilifungua gemu haisimami. Unatafuta dawa huku jicho moja liko kwa adui, kama mtu anayetafuta chenji mfukoni pale Msimbazi saa kumi na moja jioni. Zaidi ya yote, mnacheza wawili, skrini inagawanywa, mnapeana risasi na dawa, na mmoja akifa wote mmekufa. Dogo huyu kwenye mpira hajawahi kunipa pasi hata moja. Huku alinipa risasi zake za mwisho bila kuombwa. Mwalimu gani hataki mchezo unaofundisha hivyo?

Madhaifu yapo. Ukicheza peke yako, Sheva anaendeshwa na kompyuta, anamwaga risasi ovyo na anakutibu kwa dawa ya thamani wakati umekwaruzwa tu. Gemu imejengwa kwa watu wawili, halafu aliye peke yake anaachiwa kulea. Kuna sehemu unatazama tu kama sinema, ghafla unaambiwa bonyeza kitufe. Ukipepesa, umekufa, unarudia, na nusu saa yako ya jero inakwenda. Mwishoni kabisa, ndani ya volkano, Chris anapiga ngumi jiwe kubwa kuliko daladala mpaka linabingirika. Kibanda kizima kiliwahi kucheka hapo, hata wa mpira waligeuka.

Hayo yote nasamehe. Nisilosamehe ni hili: gemu inajua Kiswahili, lakini haijakipa kazi yoyote.

Angalieni. Mwanzoni, kabla Chris hajakabidhiwa silaha, anapita mitaani na watu wako pembeni wanamkodolea macho. Mimi na dogo tulijaribu vitufe vyote kutafuta cha kusalimia. Hakuna. Unaingia mtaa wa watu, unapita kimya, dakika chache baadaye unarudi na bastola. Hapa Kariakoo mtu akipita hivyo, wanaoonekana majini siyo wenyeji.

Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ilifanya hivyohivyo na wanakijiji wanaoongea Kihispania. Lakini angalau ile ilikuwa na muuzaji, mtu mwenye sauti yake, unamkuta njiani mnauziana. Kwenye ya 5 wamemwondoa, wakaweka orodha ya bei unayoifungua kati ya hatua na hatua. Mji wa Kiafrika usio na muuzaji hata mmoja wa kuongea naye! Hakuna wa kumwambia punguza kidogo.

Kamusi waliifungua, nawapa hiyo. Kuna mdudu anayeruka anaitwa Kipepeo. Kuna dubwana kama popo linaitwa Popokarimu, na mpaka leo sijaona ukarimu wake. Majini ni wingi, lakini hata akiwa mmoja ni Majini. Sigombani na kukopa maneno. Kariakoo yenyewe ni neno la kukopa, limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Ila sisi neno hilo tumelifanyia kazi: tunauza ndani yake, tunaishi ndani yake. Wao walilikopa letu, kisha matumizi yake yakabaki kukujulisha upande wa kulenga.

Tulipotoka, mzee mmoja alikuwa anasukuma mkokoteni wa mabalo ya mitumba, anapiga kelele: "Pisha! Pisha njia!" Dogo akakunja vidole vikawa bastola. "Jini hilo kaka, piga!" Watoto wawili wakacheka. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimama, jasho linamtoka. Dogo nikamfinya sikio. Lakini alikuwa amefanya nini? Alifundishwa kwa nusu saa kwamba anayekuja anapiga kelele kwa Kiswahili ni wa kupigwa, na mtihani ulipokuja mtaani akajibu sawasawa. Ningekuwa naandika andalio la somo la gemu hii, lengo mahususi lingekuwa hilohilo.

Jamaa yangu wa chumbani anasema, "Mwanangu, ni gemu tu." Wewe na mimi tunasomea ualimu. Kila muhula tunaandika kwamba mtoto anajifunza kwa kutenda. Haiwezi kuwa kweli darasani halafu ikawa uongo kibandani.

Mwingine anasema zifungiwe. Hapana. Trela ilipotoka 2007 watu walibishana sana juu ya picha: mzungu anafyatulia risasi umati wa weusi. Walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini badilisha rangi, vitufe uviache vilevile, somo halibadiliki. Ubaya uko kwenye kile unachoruhusiwa kumfanyia mtu.

Wa tatu anasema tutengeneze zetu. Wakenya wa Black Division Games walijaribu, wakatoa Nairobi X mwaka 2015, unailinda Nairobi dhidi ya wavamizi kutoka anga za juu. Heko kwao. Lakini hata huko kazi kuu ni kupiga risasi. Mji ukiwa wetu peke yake haitoshi.

Mimi ningeomba kitufe kimoja tu. Mtaa umejaa watu, wazima na walioambukizwa, na kwa macho huwatofautishi. Bonyeza, Sheva aseme shikamoo. Mwenye akili zake ataitikia marahaba. Aliyeingiliwa ataitikia vibaya, au atachelewa, au atakaa kimya. Risasi ni chache, begi lina nafasi 9, ukikosea umemuua mzee wa watu. Hofu ingebaki palepale, pengine ingezidi, na anayejua Kiswahili angekuwa na faida kwa mara ya kwanza. Vifaa vyote walikuwa navyo: sauti, mitaa, umati. Kilichokosekana ni wazo kwamba yule anayeongea anaweza kuwa anasema kitu.

Jumamosi ijayo dogo atataka turudi. Nitampeleka, tutacheza mpira. Ila kwanza tutapita kwa wale wazee wa mikokoteni, na atawaamkia mmoja mmoja.

Haya, test ya Jumatatu inaningoja. Nawakilisha.