Mhudumu alipa ada, somo hapati

TANGU treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 14, 2024, safari hiyo imekuwa ya chini ya saa mbili. Kwa mfanyabiashara wa Morogoro hilo ni panga la makali kuwili. Mgeni anayetaka kupanda Milima ya Uluguru hadi Morningside anafika asubuhi, lakini asiporidhika na huduma, jioni anakwenda kula Dar es Salaam.

Mwekezaji mdogo huwa mwepesi wa kununua viti na televisheni. Kumfundisha mhudumu huona ni hasara: akishajua kazi, jirani atamchukua.

Hofu hiyo ina jibu. Mwaka 1964 mchumi wa Marekani, Gary Becker, alieleza kwamba ujuzi unaofaa popote hulipiwa na mfanyakazi mwenyewe, kwa kukubali mshahara mdogo wakati anajifunza. Katika migahawa na gesti nyingi mshahara mdogo upo tayari. Kinachokosekana ni mafunzo. Yaani mhudumu analipa ada, somo hapati, na akikosea chenji anakatwa.

Wala mafunzo hayahitaji darasa. Mtafiti Jean Lave, aliyewachunguza mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970, alikuta wanagenzi wakianza na vifungo na pindo. Kukata kitambaa kulikuja mwisho, maana kosa la mkasi ni ghali. Mhudumu naye aanze kwa kupanga meza, afuate kupokea oda akiwa na mzoefu, fedha ziwe za mwisho. Nusu saa kabla ya kufungua mlango inatosha.

Aidha, mwaka 2021 Serikali iliwaondolea waajiri wenye wafanyakazi chini ya 10 tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Unafuu huo usiishie mfukoni. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, hupima ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti, wakiwamo wapishi na wahudumu wa vyakula. Mwajiri anayemgharimia mhudumu wake kipimo hicho, kisha akampandishia mshahara kidogo, amempa sababu ya kubaki.

Wapo watakaoondoka hata hivyo. Lakini asiyefundishwa akibaki, wanaoondoka ni wateja, na hao hawaagi.