Juu ya Hofu ya Wanaoanza Kujiandaa kwa Uwakili

Yako maneno yanayosemwa na watu wazima hapa Tukuyu, tena watu waendao kanisani, ambayo yafaa yajibiwe. Wasema kwamba kijana aliyepata shahada ya sheria, akifungua vitabu ili ajiandae kwa masomo ya uwakili huko Dar es Salaam, kisha akashikwa na hofu hata asijue aanzie wapi, basi hana akili ya kazi ile. Heri aache, ashike jembe la migombani. Twasema maneno hayo si kweli, tena yana madhara.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Mwezi wa Oktoba 2022 ilienea habari ya matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo: katika wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa masomoni. Waziri wa Sheria wa wakati ule, Damas Ndumbaro, aliunda kamati ya kuchunguza, na mwenyekiti wake alikuwa Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyepata kuwa mbunge wa jirani zetu wa Kyela. Watu wameishika ile 26 na kuitaja kana kwamba ni habari ya tauni. Mbona hawawataji wale 342? Hao walizidi nusu, wala hawakufukuzwa. Waliambiwa warudi wafanye tena.

Tena wenye kulaumu wasahau njia aliyoipita mtoto wa Rungwe. Nyumbani amesema Kinyakyusa, shule ya msingi amefundishwa kwa Kiswahili, sekondari akakutana na Kiingereza, na mara nyingi akakariri asichokielewa ili afaulu. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Lakini hukumu za miaka mingi, ambazo mwanasheria hana budi kuzisoma, ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu mwenye mizigo hiyo akiona rundo la vitabu akashtuka, je, huo ni upumbavu? Mimi ningemshangaa asiyeshtuka.

Twamjua Musa, aliyepokea sheria mlimani. Alikaa kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, na kazi ikamwelemea. Yethro mkwewe alipomwona hakumwambia kwamba hana akili. Alimwonyesha namna ya kuigawa kazi, makubwa yaje kwake na madogo yaende kwa wengine. Wazee wetu wangapi hufanya kama Yethro?

Wako na wengine, wenye nia njema, wamwambiao kijana akeshe na kumeza vitabu vizima. Shauri hili nalo ni baya, maana ndilo hilo la kukariri lililomharibu tangu sekondari. Mchuma chai hachumi shamba zima kwa kutupa macho. Huchuma majani mawili na chipukizi, akaendelea. Basi kijana na achukue hukumu moja kwa siku, aandike kwa maneno yake mwenyewe: jambo gani lilitokea, walibishania nini, mahakama iliamua nini, na kwa sababu gani. Kisha amweleze mwenzake kwa sauti, kwa Kiingereza, hata akikosea. Na ajibu maswali ya mitihani iliyopita kwa saa, si kwa kuyatazama tu. Sala ni njema, lakini haikuwekwa ili ishike mahali pa kalamu.

Wala jambo hili si la kijana peke yake. Mjane akinyang'anywa shamba na shemeji zake, hufika katika baraza la ardhi akiwa na machozi tu, na mwenye fedha hufika na wakili kutoka Mbeya. Kila kijana tunayemvunja moyo jioni kwa mzaha ni wakili mmoja aliyepungua upande wa mjane yule.

Katika vijiji vyetu chumba cha shule ya Jumapili hukaa kitupu siku nyingi za juma, kikiwa na meza na mabenchi, na nyumbani kwa kijana kuna moshi wa jiko na watoto wanaolia. Twawaomba wazee wa kanisa wafungue mlango ule jioni, waweke na taa, wasomao wakutane wawili wawili au watatu watatu. Ufunguo wake uko kwa nani?