Mashine za altrasaundi zipo, mbona macho hayapimwi?

Ami yangu, mvuvi wa miaka mingi huku Kilifi, alianza kuona vitu vyeusi kama mbu vikielea mbele ya jicho la kulia. Kisha zikaja cheche za mwanga gizani. Zahanati ikampa dawa ya matone. Baada ya wiki mbili jicho likaingia giza.

Hospitalini walimmulika wakaona wekundu tu. Damu ilikuwa imevuja ndani ya ute unaojaza jicho, na taa haikupenya. Akaambiwa asubiri damu ishuke. Akasubiri mwezi mzima.

Mwishowe tulimpeleka kliniki ya kibinafsi Mombasa. Alifumba jicho, akapakwa jeli juu ya kope, na kipimo kikaisha kwa dakika chache. Retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, ilikuwa imebanduka. Alipasuliwa Nairobi, lakini leo jicho hilo huona kivuli cha mkono tu.

Simlaumu mhudumu aliyemmulika. Taa haioni penye damu, wala nyuma ya mtoto wa jicho aliyekomaa. Mawimbi ya sauti hupita. Damu huonekana kama vumbi linaloyumba jicho likigeuzwa; retina iliyobanduka huonekana kama utando mweupe ulioshikilia kwenye mshipa wa fahamu wa jicho. Kipimo hiki hakina mionzi.

Swali langu ni kwa serikali zetu za kaunti, zinazosimamia hospitali hizi tangu 2013. Mashine za altrasaundi tumezizoea. Mama zetu wajawazito hupimwa kwazo kila siku. Tatizo ni kwamba kile kichwa kinachopitishwa tumboni kimetengenezwa kuona mbali, na jicho lina urefu wa milimita 24 hivi. Jicho linahitaji kichwa cha mawimbi ya juu zaidi, takriban megahezi 10. Mashine nyingi hukubali kubadilishwa kichwa. Kwa hiyo tunachodai kwanza ni kichwa kinachofaa na mtu aliyefunzwa kukitumia na kusoma picha.

Mafunzo si jambo la kupuuza. Utando wa kawaida ndani ya ute unaweza kudhaniwa ni retina, na jicho lililopasuka kwa ajali halifai kukandamizwa hata kidogo.

Wapo watakaosema: kipimo cha nini, ikiwa daktari wa kupasua retina yuko mbali? Mimi naona hapo ndipo kina faida zaidi. Kipimo ndicho kinachotenganisha mgonjwa wa kupanda basi usiku huu na yule anayeweza kufuatiliwa karibu na kwao. Retina ikibanduka, kila siku ina thamani, hasa kama sehemu ya katikati bado imeshika. Bila picha, wote huambiwa wasubiri, na anayepofuka ni yule asiye na pesa za kliniki ya kibinafsi.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kabla yake kaunti hutuita kutoa maoni kuhusu bajeti. Wengi wetu huenda kuuliza barabara na maji, na ni haki yetu. Safari hii mimi nitauliza: mgonjwa akifika na jicho lililojaa damu, nani atampima, na kwa kifaa gani? Nawe ukiona vitu vyeusi vya ghafla, cheche au pazia jeusi, usikubali matone pekee. Dai uchunguzwe nyuma ya jicho siku hiyo hiyo.