Mfanyabiashara Anaposhika Chaki Huwa Mwanagenzi

Mwezi Mei mwaka 2023, mashine za kuchuma majani chai ziliteketezwa kwa moto katika kaunti ya Kericho. Hoja ya waandamanaji haikuhitaji mkalimani: mashine moja hufanya kazi ya watu wengi, na watu hao hawana pengine pa kwenda. Sikusudii hapa kuamua nani alikuwa na haki kati ya wenye mashamba na wachumaji. Ninalotaka kulichunguza ni swali lililobaki baada ya moshi kutoweka. Kijana wa Kericho au Bomet, ambaye nyanya yake na mamaye waliishi kwa kikapu cha majani chai, atakula nini kikapu hicho kitakapotundikwa ukutani?

Jibu linalotolewa aghalabu, katika mabaraza na katika sherehe za shule, ni kwamba vijana wafunzwe biashara. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 na kufika sekondari msingi mwaka 2023, nao unasisitiza stadi za kazi na ujasiriamali. Kutokana na msisitizo huo, umezuka wito mwingine: walioendesha biashara kwa miaka na mikaka waitwe darasani wawafunze vijana. Kwani, husemwa, mwalimu ambaye hajawahi kuuza hata sanduku la kiberiti atafundishaje biashara?

Wito huu ninauunga mkono, ila kwa sharti moja. Mfanyabiashara aingiapo darasani hana budi kukubali kwamba ameanza kazi mpya, na kwamba katika kazi hiyo yeye ni mwanagenzi. Kujua jambo ni kitu kimoja. Kulifundisha ni kitu kingine.

Kwa mfano tu, hebu tumfikirie mfanyabiashara wa Litein aliyeuza mbolea na vyakula kwa miaka ishirini. Wateja wake wengi ni wakulima wadogo wa chai. Mwanafunzi anamwuliza: "Mzee, unajuaje mtu wa kukopesha na mtu wa kunyima?" Mzee anatabasamu na kujibu: "Ukikaa dukani, utajua tu."

Jibu hilo ni la kweli, lakini halimfunzi mtu chochote. Sisi tunaosomea lugha tunalifahamu vyema. Mwulize Mswahili wa Lamu kwa nini husema "kitabu kizuri" wala si "kitabu mzuri", naye atakuambia kuwa ndivyo tusemavyo. Hakosei kamwe, lakini hawezi kumweleza mtoto wa Kipsigis anayejifunza Kiswahili ni kanuni gani inayomwongoza. Kanuni imo kichwani mwake, ila haijapata maneno. Mwalimu wa lugha ni yule aliyejibidiisha kuzitoa kanuni hizo gizani na kuzipanga, nyepesi kwanza na ngumu baadaye. Mwenye duka naye ana sarufi ya biashara asiyoweza kuitaja.

Basi somo la kwanza kwake ni kuivunjavunja "utajua tu" hiyo. Akiketi na kujihoji, atagundua kwamba kabla ya kukopesha huwa anapima mambo kadha. Mkulima huyu hupeleka kilo ngapi za majani chai kituoni kila mwezi? Je, ana mkopo mwingine unaokatwa kabla pesa hazijamfikia? Anaahidi kulipa kutoka kwa malipo ya kila mwezi, au anangojea bonasi, ambayo huja mara moja tu kwa mwaka? Ana watoto wangapi watakaodaiwa karo mwezi wa Januari? Haya ndiyo maarifa. Yakiandikwa ubaoni kama maswali manne, mwanafunzi anaweza kuyabeba hadi kwenye biashara yoyote ile.

Isitoshe, kuna suala la lugha yenyewe. Mzee wetu aliijua biashara yake kwa Kipsigis na Kiswahili, ilhali vitabu na mitihani ya somo hilo huwa kwa Kiingereza. Asipokuwa mwangalifu, ataacha maneno yake yaliyokomaa na kuazima istilahi asizozimudu, na hapo wanafunzi watapata maneno bila maarifa. Heri aeleze kwa lugha anayoimudu, kisha mwalimu wa somo amsaidie kuyaunganisha maelezo hayo na istilahi za kitabuni.

Somo la pili linahusu mamlaka. Dukani kwake, mfanyabiashara ndiye mlipaji, na anayelipwa husikiliza. Darasani hamlipi mtu. Mwanafunzi akinyamaza, huenda haelewi, huenda anaogopa, au huenda ana njaa. Fauka ya hayo, kosa la karani ni hasara kwa tajiri, na anayelirudia hufutwa. Kosa la mwanafunzi ni dirisha la kuchungulia alivyofikiri.

Tuchukue hesabu ndogo. Mwanafunzi ananunua maparachichi kwa shilingi 2,000, anayauza sokoni kwa shilingi 3,000, kisha anaandika kuwa amepata faida ya shilingi 1,000. Tajiri aliyezoea kuamrisha atamkemea na kumwandikia jibu sahihi. Mwalimu atamwuliza alifikaje sokoni. "Kwa matatu, nauli shilingi 400." Alilipa ushuru wa soko? "Shilingi 50." Basi zimebaki 550. Naye alitumia siku ngapi? "Mbili." Je, angefanya kazi ya kibarua kwa siku hizo mbili, angelipwa ngapi? Hapo darasa zima hunyamaza likipiga hesabu, na huo ndio ukimya wa kujifunza. Hakuna aliyetukanwa, wala hakuna atakayeisahau nauli tena.

Somo la tatu ni chungu zaidi, kwa maana linagusa fahari ya mtu. Hadithi ya maisha yake si mtaala. Alipoanza, pengine duka lake lilikuwa la pekee kwenye barabara ile; pengine alirithi kiwanja; pengine bei ya majani chai ilipanda mwaka ule ule alioagiza mzigo. Bidii alikuwa nayo, hapana shaka, lakini jirani yake aliyefilisika naye alikuwa na bidii. Huyo wa pili hakuna shule inayomwalika kuhutubu. Tukiwasikiliza walioshinda peke yao, tutawadanganya watoto kwamba kila aamkaye mapema hutajirika. Mfanyabiashara mkweli atawafaa zaidi wanafunzi akifungua daftari la hasara zake: mzigo uliooza, mdeni aliyehama, mkopo aliouchukua bila kusoma masharti.

Je, haya yamewahi kujaribiwa katika nchi yetu ya chai? Yamewahi, na waliojaribu ni wakulima. Mwaka 2006, KTDA, ambayo husimamia viwanda vya wakulima wadogo, ilishirikiana na kampuni ya Unilever kuanzisha mashamba darasa. Mbinu hiyo ilikuwa imebuniwa Indonesia mwaka 1989 miongoni mwa wakulima wa mpunga, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kikundi cha wakulima wapatao thelathini hukutana shambani. Hawahutubiwi. Hugawa sehemu ya shamba, wakachuma upande mmoja kwa namna moja na upande wa pili kwa namna nyingine, kisha wakalinganisha mavuno na ubora wa majani. Anayewaongoza huwa amepewa mafunzo ya kuongoza kabla ya kuanza, na kazi yake kubwa ni kuuliza. Kuujua mchai peke yake hakukuhesabiwa kuwa kunatosha kumfanya mtu mwalimu wa wenzake. Hilo ndilo jambo ambalo wito wetu wa leo unalisahau.

Wala kurudi kuwa mwanafunzi si aibu kwa mtu mzima mwenye heshima zake. Marehemu Taaitta Toweett, mwana wa jamii ya Wakipsigis, alipata kuwa Waziri wa Elimu, na mwaka 1976 aliongoza Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi. Mtu wa cheo hicho angeweza kutosheka. Badala yake alijitoma katika isimu hadi akapata shahada ya uzamifu, na mwaka 1979 kikachapishwa kitabu chake kuhusu isimu ya Kikalenjin. Lugha aliyoichambua alikuwa akiizungumza tangu utotoni, lakini alitambua kwamba kuizungumza hakukutosha.

Ni yapi basi yafaayo kutendwa? Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya mwaka 2012 humtaka kila mwalimu awe amesajiliwa, na sioni sababu ya kuilegeza sheria hiyo kwa ajili ya matajiri. Mfanyabiashara na aje kama msaidizi wa mwalimu, si kama mrithi wake. Wakae pamoja kabla ya kipindi wakatayarishe maswali. Aje muhula mzima, hata kama ni saa moja kwa wiki, badala ya kuja siku ya tuzo kwa hotuba ya dakika arubaini na picha. Wakuu wa shule nao watenge nauli yake, kwa maana kinachotolewa bure daima hukoma mapema.

Kwenu walimu wenzangu, msimwogope mgeni huyu wala msimdharau. Yeye ana mambo msiyoyajua, nanyi mna ufundi asiokuwa nao, yaani ufundi wa kulipanga jambo likamwingia asiyelijua. Mkimwacha peke yake mbele ya darasa, mtakuwa mmemkosea yeye na mmewakosea wanafunzi.

Nanyi wanafunzi, mtakapotembelewa na mtu kama huyo, msimwulize siri ya utajiri wake. Mwulizeni mwaka aliopata hasara kubwa kuliko yote, jinsi alivyoigundua, na angefanya nini tofauti. Akijibu "utajua tu", msimcheke. Mwulizeni tena kwa adabu, kwani huenda hakuna aliyewahi kumwuliza, na huenda ndipo kwanza ataanza kuijua biashara yake kwa maneno.

Vijana wetu hawataokolewa na chaki pekee, wala na daftari la duka pekee. Mashine zimekwisha kufika mashambani, nazo hazitangoja tumalize kubishana kuhusu ni nani kati ya hao wawili anayestahili kusimama mbele ya ubao.