Tuacheni Kumsingizia Mungu

Kiangazi kilichoanza mwisho wa 2020 kilikula misimu mitano ya mvua, mmoja baada ya mwingine. Huku Samburu, Kwale, silanga zilikauka zikabaki na nyayo za ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wakafuata. Wakati huo ndipo nilipolisikia kanisani jibu ambalo mpaka leo linanikera: eti tumekaushwa kwa sababu ya dhambi zetu. Uganga, ulevi, mimba za wasichana. Mhubiri aliyasema hayo chupa ya maji ikiwa mkononi.

Mimi ni Mkristo na sina nia ya kumkana Mungu hapa. Lakini hebu tuulizane: dhambi za Samburu zinazidi za Diani kwa lipi? Kaunti ni hiyo hiyo moja, na kule hotelini watu waliendelea kuogelea.

Ayubu alikuwa na marafiki watatu waliokuja na hoja kama hii: umeteseka, basi umekosa. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika kwa sauti. Yesu naye, alipoulizwa juu ya kipofu wa kuzaliwa, alikataa kumlaumu yeye wala wazazi wake. Na wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema hawakuwa wabaya kuliko wenzao. Sasa pasta wetu kaitoa wapi?

Najua atanijibu kwa Eliya na ukame wa Ahabu. Sawa. Ila pale mkosaji alikuwa mfalme, na Eliya alimwambia usoni. Hapa anayelaumiwa ni mama mwenye mtungi wa lita 20.

Na wafalme tunao. Bomba la Mzima, la miaka ya 1950, linatoa maji kwenye chemchemi za Tsavo Magharibi na kuyapeleka Mombasa, zaidi ya kilomita 200, likipita ukanda huu huu wa barabara kuu. Yaani maji yanatupita chini, na punda wanatupita juu wakienda kuyatafuta. Nani alichora ramani hiyo? Nani anaamua lifunguliwe wapi, na kwa nani? Si malaika. Tarehe 14 Februari 2023 kulikuwa na maombi ya kitaifa ya mvua pale Nyayo, Nairobi, Rais Ruto akiwepo, nami niliomba huku kwetu. Sina ugomvi na maombi. Ugomvi wangu ni pale yanapotumika kufunika hesabu.

Kuna jibu la wasomi: Mungu alitupa hiari, nasi tukaichezea. Nalikubali pale penye mwizi wa pesa za maji. Lakini mawingu hayana hiari. Jingine ni kwamba mateso hukomaza. Mtu mzima, pengine. Mtoto anayelala njaa hakomai, anadumaa. Hata C. S. Lewis, aliyechapisha kitabu cha kueleza maumivu mwaka 1940, alifiwa na mkewe 1960, na mwaka uliofuata akatoa kingine kwa jina la bandia. Humo maelezo yake ya zamani yanayumba vibaya.

Msidhani haya ni mabishano ya vitabuni tu. Aprili 2023, kaunti jirani ya Kilifi, makaburi ya Shakahola yalianza kufukuliwa. Miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Wengi walijinyima chakula wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Pasta wetu hakumfungisha mtu hadi kufa, na sitamtia kapu moja na wale. Lakini ukishawazoesha watu kwamba kila njaa ina sababu takatifu, nani atabaki wa kuuliza chakula kiko wapi?

Kwa nini Mungu aliruhusu miaka ile? Sijui, na anayejua kwa haraka namshuku. Ninachojua ni kwamba Biblia imempa mnyonge ruhusa ya kumlalamikia Mungu bila kuomba radhi. Zaburi ya 88 inalia kuanzia juu hadi chini na inaishia gizani, haina hata aya ya shukrani ya kufungia. Kwa miaka yangu yote kanisani, sijasikia ikihubiriwa hata mara moja.